Hesabu ya Ndongoro

Damu ilishuka na treni ya usiku hadi Miritini,
chupa sita ndani ya kasha la barafu,
damu ya mnyama wa msitu wa baridi, mwenye michirizi ubavuni
kama aliyepita chini ya dari linalopakwa chokaa.
Kule mlimani, wasema, hawafiki mia.
Hadubini ya Nairobi imeharibika, ikabidi waje kwetu Tudor,
Machi hii, ambapo hata ukuta unatoka jasho.

Barafu iliyeyuka njiani. Wino ukalowa.
Chupa nne zilisomeka. Ya tano na ya sita
zilibaki na doa la buluu mahali pa neno.
Na ndongoro, jike na dume, wote wana pembe;
picha walizotuma hazikunifaa kitu.

"Basi hesabu," akasema Bwana Mwachiro,
akavuta kiti karibu na feni.

Nikazilea seli siku tatu kwa joto la mwili,
stima ikipotea nakimbilia jenereta na malapa mguuni.
Nikazisimamisha katikati ya kugawanyika,
nikadondosha tone kutoka juu, kimo cha mkono,
zikapasuka kwenye kioo,
nikazipaka rangi ya zambarau
na kromosomu zikajitandaza:
vijiti vilivyobanwa kiuno, vingine vifupi kama nukta.

Chupa ya tano: thelathini na tatu.
Nikarudia. Thelathini na tatu.
Seli nyingine, na nyingine, ishirini nzima.
Lakini vitu vya jozi haviishii kwenye witiri.
"Umepoteza moja," Bwana Mwachiro, bila kuinua macho.
"Imeruka nje ya seli. Dondosha upya."

Nikadondosha upya.
Shingo ikaniuma. Na sijui kwa nini,
ikanijia harufu ya halua.

Kibokoni, chumba cha nyuma. Nina miaka saba.
Tasbihi ya Nyanya Mwanatumu imekatika uzi mkononi mwangu,
punje zimetawanyika mvunguni.
Nikaokota, nikahesabu: tisini na nane.
Nikalia. Nilidhani nimempunguzia Mungu jina moja.
Yeye akakishika kiganja changu,
akapapasa punje moja moja kwa kidole gumba
(macho yake yalishaanza kuingia ukungu),
akatua kwenye moja nene.
"Haikupotea, wee mwana. Hii si moya, ni mbili.
Zimegandana kwa halua yako."

Nikarudi kwenye kioo.
Sikuhesabu tena. Nilitafuta nene.

Na ilikuwepo, karibu na ukingo:
kijiti kirefu kisicho na wa kulingana naye,
begani kimebeba kipande cha mwingine,
ile wai ndogo ya kiume
iliyochoka kutembea pekee, zamani, kabla ya hesabu zetu,
ikamshika jirani, ikashonwa naye.
Kila dume tangu hapo huzaliwa na moja pungufu
wala hana alichopungukiwa.

Chupa ya sita ilinipa thelathini na nne,
eksi mbili, kila kijiti na wake.
Jike.

Nikamwita Bwana Mwachiro. Akainama, akakaa kimya
hadi miwani yake ikaacha duara la mvuke kwenye lenzi.
"Mh," akasema. Akaenda kutafuta mahamri.

Nikaandika kwa penseli, maana penseli haichuruziki:
tano, dume. Sita, jike.
Thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na nne,
hivyo ndivyo Nyanya alivyofunga kila sala yake,
mia kamili, kisha akabusu uzi.

Mia kamili.
Nilivua glavu. Kidole gumba kilikuwa bado kinapapasa
ncha za vidole vingine, kimoja kimoja,
kikitafuta penye unene.